Gari Likivuta Upande, Tafuta Sababu Kabla ya Kumtafuta Mkosaji

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya taifa namba 3, ile tunayoiita kwa kifupi RN3, ana ziwa mkono wa kuume na milima mkono wa kushoto karibu safari nzima. Kabezi, Gitaza, Magara, Minago, mpaka Rumonge yenyewe, ni zaidi ya kilometa 70, na mahali pengine kati ya ukingo wa lami na maji ya Tanganyika hakuna nafasi ya kuegesha hata baiskeli. Sisi Burundi tunaendesha kulia. Kwa hiyo gari linalovuta kulia likielekea kusini linavuta kuelekea majini, na gari hilo hilo likirudi kaskazini linavuta kuelekea mtaroni na mlimani. Linalovuta kushoto, uwe unakwenda au unarudi, linakupeleka usoni mwa Fuso inayokuja. Hakuna upande ulio salama wa kuvutwa.

Na siku gari linapoacha njia, maneno ya kwanza huwa yale yale: dereva alisinzia, dereva alikunywa, dereva alikuwa na haraka. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia dereva huyo alikuwa ameushikilia usukani kwa nguvu tangu asubuhi, mabega yakimuuma, akipambana na gari ambalo halikutaka kwenda mbele. Na nyuma yake, juu ya mikungu ya ngazi au mapipa ya mawese, walikuwa wamekaa wavunaji na wapakiaji ambao hawakuulizwa lolote. Ndiyo maana jambo hili si la madereva peke yao. Kila anayepanda gari la kazi lina maana kwake.

Habari njema ni kwamba gari linalovuta upande huwa linasema linachougua, na lugha yake inajifunzika. Nyingi katika sababu zake zaweza kutambuliwa kwa jeki, spana ya magurudumu, futi ya kupimia na kiganja cha mkono, bila mashine yoyote ya Bujumbura.

Swali la kwanza: linavuta lini?

Fundi mzuri hafungui boliti hata moja kabla ya kumwuliza dereva. Je, linavuta wakati wote, au wakati wa kukanyaga breki tu? Au ukikanyaga mafuta? Lilianza polepole kwa wiki nyingi, au lilianza siku ile ulipoingia kwenye shimo? Linavuta likiwa tupu, au likiwa na mzigo tu? Kila jibu linafunga milango kadhaa na kuacha michache wazi. Mwajiri anayempeleka dereva msaidizi gereji badala ya dereva mwenyewe anapoteza nusu ya dawa njiani.

Kwa kulijaribu gari, chagua kipande kilichonyooka, kisicho na watu wala magari, saa ambayo hakuna upepo wa ziwani, na nyuma kusiwe na abiria hata mmoja. Mwendo wa kilometa 40 au 50 kwa saa unatosha. Legeza vidole, usiuachie usukani kabisa, halafu uone gari linaelekea wapi na kwa haraka gani. Kisha kanyaga breki kwa upole, ukiwa tayari kulirudisha. Ondoa mguu, angalia tena.

Kabla ya kulilaumu gari, iulize barabara

Barabara ya lami haijengwi bapa kama meza. Ina mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke pande zote mbili, na mteremko wa kawaida ni sentimita 2 au 3 kwa kila mita ya upana. Katika njia ya upana wa mita 3, basi, ukingo huwa chini ya mgongo kwa sentimita 6 mpaka 9. Gari zima kabisa likiachiwa hapo litateremka taratibu kuelekea kulia, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni lile linalokimbilia kulia mara moja, au lile linalopanda mgongo kwenda kushoto, kwa maana hilo linakwenda kinyume hata cha mteremko.

Madereva wanaovuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu wana kipimo ambacho wengine hatuna. Upande wa Tanzania watu huendesha kushoto, na mteremko wa njia yao unaelekea kushoto. Gari lenye afya litaelea kidogo kulia karibu na Nyanza-Lac, na kidogo kushoto likishika njia ya Kasulu. Likivuta upande ule ule huku na kule, barabara haina kosa, ni gari. Njia hiyo inazidi kuwa na maana kwetu: mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi mmoja wenye vipande viwili, kilometa 45 za Rumonge mpaka Gitaza kwetu, na kilometa 260 za Kabingo, Kasulu mpaka Manyovu kwa jirani. Asiyevuka mpaka atumie uwanja mpana wa kiwanda au wa ghala, uliosakafiwa bapa, aende polepole huku na huku.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Magari mengi tunayopata, Probox, Hiace na mengineyo, yanatoka Japani kupitia Dar es Salaam yakiwa na usukani upande wa kulia. Wajapani huendesha kushoto. Viwanda vingine, si vyote, hupanga magurudumu ya mbele yatofautiane kidogo mno kati ya upande na upande ili gari lipingane na mteremko wa barabara za kwao. Yaani gari limefundishwa tangu kuzaliwa kuvuta kulia kidogo. Likifika kwetu, mteremko wetu nao ni wa kulia, na mawili hayo yanajumlishwa. Gari la namna hiyo haliponi kwa kubadilishiwa vyuma vizima. Linataka fundi mwenye kipimo ayapange upya magurudumu yake kwa barabara yetu, kama aina ya gari inaruhusu. Juu ya hayo, dereva aliyekaa kulia katika nchi ya kuendesha kulia anauona mtaro vizuri kuliko anavyouona mstari wa katikati.

Mzigo

Pipa la lita 200 la mawese lina uzito wa kilo 180 hivi, bila pipa lenyewe. Mapipa matatu yakipangwa upande mmoja kwa kuwa ni rahisi kuyashusha Bujumbura, ni zaidi ya nusu tani imelalia springi za upande mmoja. Gari litainama na kuvuta, na hakuna fundi atakayeona kitu siku ya pili likiwa tupu. Kwa hiyo jaribu gari likiwa na mzigo na likiwa halina. Kama linainama hata likiwa tupu, hapo tazama springi: jani lililovunjika, au springi iliyochoka ya upande mmoja.

Wapakiaji, hili ni lenu. Kapita akisema pakieni haraka, mzigo mzito uende katikati na usawa bado uangaliwe.

Matairi: hapa ndipo pa kuanzia

Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake. Limebonyea, linaviringika kwa uzito, na kimo chake kimepungua. Hii ndiyo sababu nyepesi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa kuwa watu hupima tairi kwa teke. Teke halipimi kitu. Pima kwa geji, asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililotoka safari huwa na upepo uliopanda kwa joto. Ukilipunguza wakati huo, kesho litakuwa pungufu.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Katika magari ya Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile: ukiona 240, hizo ni kilopaskali, yaani baa 2.4. Geji ikiwa ya pauni, baa 1 ni pauni 14.5. Usifuate namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako. Na matairi mawili ya ekseli moja yawe ya kipimo kimoja, aina moja, na yaliyolika sawasawa. Kuweka jipya kulia na kipara kushoto ni kulifanya gari liwe na mguu mmoja mrefu.

Upepo ukiwa sawa na gari bado linavuta, fanya jaribio hili ambalo gharama yake ni nusu saa. Chukua magurudumu mawili ya mbele. La kulia lifunge kushoto, la kushoto lifunge kulia. Usiguse kitu kingine. (Kama tairi lina mshale ubavuni wa kuonyesha linakozungukia, libadilishe kwa jaribio hilo fupi tu, kisha lirudishe.) Rudi kwenye kipande kile kile cha barabara. Mvuto ukihamia upande wa pili, mkosaji ni tairi. Ukitoweka, ni tairi pia. Ukibaki pale pale ulipokuwa, matairi yametoka kwenye kesi.

Mtu atauliza: tairi jipya, lenye upepo kamili, litavutaje? Ndani ya tairi kuna mikanda ya nyuzi za chuma. Ikiwekwa kando kidogo wakati wa kutengenezwa, au ikihama baada ya kupigwa na shimo, tairi huzunguka kama ndoo iliyolazwa chini. Isukume ndoo uone: haiendi moja kwa moja, inazunguka kuelekea kitako chake. Kwa macho hutaona kitu.

Kabla ya kuacha matairi, pitisha kiganja juu ya meno yake, ndani kwenda nje, kisha nje kwenda ndani. Likiwa limelika bega moja tu, gurudumu limeinama. Mabega yote mawili, limekwenda siku nyingi bila upepo wa kutosha. Katikati, lilijazwa kupita kiasi. Na kiganja kikiteleza vizuri upande mmoja lakini kikikwaruzwa kama na msumeno kikirudi, magurudumu ya mbele hayatazami mbele sawasawa. Utingo mwenye kiganja chenye akili atamwokolea mwajiri matairi mawili kwa mwaka, ingawa sijasikia utingo aliyelipwa kwa hilo.

Breki zina ugonjwa wa namna mbili

Namna ya kwanza: gari linakwenda sawa, ila ukikanyaga breki linaruka upande. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Gari likivutwa kulia, hufungua gurudumu la kulia. Lakini gari huvutwa upande ule ambao breki inashika. Mara nyingi la kulia ndilo zima, na la kushoto ndilo limeacha kazi: pistoni imeshika kutu, au mafuta ya sili iliyokatika yamelowesha viatu vya breki. Fungua pande zote mbili, ulinganishe. Huku kwetu nina neno la ziada: mafuta mekundu yanayochuruzika kwenye gurudumu la nyuma huenda yametoka kwenye bidoni za mawese juu, si kwenye sili. Yanuse kabla ya kununua sili. Lakini hata hivyo yafute, maana breki haiulizi mafuta yametoka wapi.

Namna ya pili: gari linavuta wakati wote, na kadiri safari inavyoendelea ndivyo linavyozidi. Hii ni breki inayoshika isiyoachia. Nenda kilometa kumi hivi bila kutumia breki sana, simama taratibu, kisha peleka mgongo wa mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Linalotoa joto kuliko mwenzake ndilo. Wakati mwingine pua hutangulia mkono. Usilimwagie maji kulipoza. Chuma cha moto kikipata maji ya ghafla hupasuka.

Kujua kwa nini haiachii, piga jeki, kanyaga breki mara tatu nne, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likikataa, legeza ile nati ndogo ya kutolea upepo wa breki. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likafunguka, kosa ni la mpira wa breki au liko juu zaidi yake. Mpira huo unaweza kung'aa nje na kuwa umeziba ndani: nguvu ya mguu inapitisha mafuta kwenda, lakini hakuna nguvu ya kuyarudisha. Mafuta yakitoka kidogo na gurudumu likabaki limeshikwa, kosa liko kwenye pistoni au kwenye viatu vyenyewe.

Breki ya namna hii hula pia mazuti, kwa maana injini inavuta gari huku gurudumu moja likipinga. Anayekumbuka tulivyopanga mistari ya petroli na mazuti mwaka 2024 na 2025 hahitaji kuelezwa gharama yake.

Na kuhusu maji: ziwa lilipopanda, kama tulivyoona mwaka 2021 na tena 2024, mitaa ya kando ya maji ya Rumonge ilifurika, na magari yalipita yakizamisha magurudumu. Breki iliyolowa upande mmoja kuliko mwingine itavuta kwa dakika chache. Ukitoka majini, nenda polepole huku ukibonyeza breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Mvuto ukiendelea mpaka kesho yake, mchanga na matope yameingia, fungua, safisha. Grisi ya beringi nayo ikiguswa na maji haifai tena.

Vyuma vya mbele

Piga jeki, weka jiwe au gogo chini ya ekseli kwa usalama, maana jeki haiaminiki. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Kisha lishike kulia na kushoto, litikise. Likicheza ukishika kulia na kushoto peke yake, tazama vyuma vya usukani, tairodi na vichwa vyake. Likicheza juu na chini, mwombe mwenzako akanyage breki utikise tena: uchezaji ukipotea, ni beringi, ile ambayo waliosoma kwa Kifaransa huiita rulema, ukibaki, ni kingipini ya lori au boli jointi ya gari dogo. Gari lililoanza kuvuta siku ile ile lilipoangukia shimo, hapa ndipo pa kutazama kwanza, kwa maana tairodi iliyopinda huonekana kwa macho ukiilinganisha na ya pili.

Likivuta unapokanyaga mafuta tu, na likaacha ukiondoa mguu, na gari lenyewe husukumwa na magurudumu ya mbele kama Probox zilizo nyingi, tazama mpira unaoshika injini na bushi za mkono wa chini.

Kwa gari lenye usukani unaosaidiwa na mafuta kuna jaribio moja zuri. Inua magurudumu yote mawili ya mbele, washa injini, usiguse usukani. Ukigeuka wenyewe, ugonjwa uko ndani ya kisanduku cha usukani. Ukitulia, kisanduku hakina lawama.

Kupanga magurudumu

Katika gereji nyingi gari likivuta, neno la kwanza ni alaimenti. Nadhani ni kwa sababu ni neno la kulipisha. Lakini kupanga magurudumu huja mwisho, si mwanzo, kwa kuwa gurudumu lililopangwa juu ya beringi iliyokufa litapotea mpango wake kabla hujafika Minago.

Mambo yanayopangwa ni matatu. La kwanza ni vidole: je, magurudumu mawili yanatazama mbele, au yanatazamana, au yanapeana kisogo? Hilo hula matairi na kuuweka usukani kombo, lakini kwa kawaida peke yake halivuti gari, kwa sababu magurudumu mawili ya mbele hugawana kosa. La pili ni kuinama: gari huvuta upande ambao gurudumu limeinamia nje zaidi kwa juu. La tatu watu hulipata shida, lakini kila mwenye baiskeli analo. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala nyuma; ndiyo maana ukiachia mikono inakwenda mbele yenyewe. Gurudumu la gari nalo lina mlalo kama huo, na upande mmoja ukiwa na mlalo pungufu kuliko mwenzake, gari litavuta upande huo wa upungufu.

Lori linalotembea kama kaa

Nimeiweka sehemu hii nyuma, lakini kwa malori ya mashambani ningeitazama mapema sana, kwa kuwa ndiyo inayofichika na ndiyo inayoua.

Ekseli ya nyuma ya lori imelalia springi za majani. Majani hayo yameshikwa pamoja na boliti moja katikati, senta bolti, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kiti cha ekseli. Ndicho kinachoizuia isisogee mbele wala nyuma. Juu yake kuna boliti za umbo la U zinazobana kila kitu. Katika njia za shambani, zenye mashimo na mzigo uliozidi, zile za U hulegea. Zikilegea, kazi yote inabaki kwa ile moja ya katikati, nayo siku moja hukatika. Gari halianguki. Linaendelea na safari, ila upande mmoja wa ekseli umerudi nyuma kwa sentimita moja, mbili, na sehemu ya nyuma ya gari haiifuati tena ya mbele. Mafundi waliofundishwa kwa Kifaransa husema linatembea kama kaa, na kaa tunao ziwani, kila mtu anajua anavyokwenda.

Dalili zake: usukani umekaa kombo huku gari likienda mbele; anayekufuata anaona ubavu mmoja wa gari lako zaidi ya mwingine. Pitisha lori tupu, likinyooka, kwenye mchanga mbichi au vumbi, ushuke utazame nyayo zake. Nyayo za nyuma zitakuwa zimejitenga kando ya zile za mbele, upande mmoja zaidi. Kisha nyosha magurudumu ya mbele, chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo viwili viwe sawa. Vikipishana, chunguza springi za nyuma na za mbele pia, maana ekseli ya mbele ya lori imefungwa kwa namna ile ile. Penye senta bolti iliyokatika utaona alama inayong'aa, chuma kilivyosuguana. (Wazee wa gereji watanikumbusha Renault 4, ambayo kiwandani kwenyewe ilitoka ikiwa na upande mmoja mrefu kuliko mwingine kwa karibu sentimita 5, na ikienda mbele vizuri kabisa. Ni kweli. Lakini ile ilikusudiwa.)

Lori lenye senta bolti iliyokatika haliendeshwi mpaka gereji. Gereji ndiyo ije kwenye lori.

Dereva afanye nini akiona haya

Ndugu dereva, ukimwambia kapita kwa mdomo kwamba gari linavuta, maneno yanakwenda na upepo. Siku ya ajali atakuwa hakumbuki. Andika.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaeleza mambo matatu yanayokuhusu. Ibara ya 13 inamlinda mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi ambayo ana sababu ya haki kuamini kwamba ina hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Ibara ya 19 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja, na inamzuia mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo mpaka iondolewe. Ibara ya 21 inasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Maana yake tairi na breki za gari la kampuni hazikatwi kwenye mshahara wa dereva. Mwezi wa Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuingiza usalama na afya kazini katika kanuni za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inawajibika kuziheshimu hata kama haijauridhia mkataba wenyewe. Burundi ni mwanachama tangu 1963.

Lakini Ibara ya 13 inataka sababu ya haki, na hapo ndipo futi na kiganja vinapokuwa silaha yako. Dereva anayesema "gari baya" atajibiwa kwamba ni mvivu. Dereva anayeandika hivi hajibiwi kirahisi: "Tarehe fulani, saa 12 asubuhi, lori namba fulani. Linavuta kushoto wakati wote, tupu na likiwa na mzigo. Upepo wa matairi ya mbele umepimwa, ni sawa. Magurudumu ya mbele yamebadilishwa upande, mvuto umebaki kushoto. Ringi zote hazina joto. Umbali wa gurudumu la mbele na la nyuma: kulia na kushoto vimepishana kwa sentimita 2. Naomba springi za nyuma zifunguliwe kabla ya safari." Weka sahihi, na msimamizi aweke yake kwamba amepokea. Akikataa kutia sahihi, andika jina lake na saa aliyokataa, na shahidi mmoja aliyekuwepo, hata kama ni utingo.

Nakala ya kwanza ibaki ofisini, ya pili kwa mjumbe wa chama. Ya tatu usiiache kwenye gari.